Jirani Aliyekaa Nyumbani Kila Jumamosi

Jina lake siliandiki. Mwanzoni nilidhani ni heshima tu, kama kwetu Tanga tunavyomwita mtu kwa kazi yake au kwa mtoto wake, lakini nikijichunguza naona ni woga. Sijui naogopa nini hasa. Mimi ni mfanya usafi wa maduka hapa London, Stratford, nimeishia darasa la saba, nani atahangaika kusoma maneno yangu? Hata hivyo ghorofa nimeibadilisha, na mji anaokaa dada yake nimeuacha nje. Nitamwita jirani. Ndivyo nilivyomjua: mlango unaotazamana na wangu, Woolwich, miaka mingi.

Ni Mtibeti. Tibet ni ile nchi ya juu milimani ambayo serikali ya China inasema ni sehemu yake tangu zamani, na Watibeti wengi wa nje wanasema ilikuwa yao wenyewe mpaka majeshi yalipoingia. Nimejaribu kusoma habari za pande zote mbili kwenye simu nikiwa ndani ya basi. Kila nikishuka najiona najua kidogo kuliko nilivyopanda. Kwa hiyo mtu asisome hapa akidhani atapata hukumu. Namwandika mtu tu, tena kwa Kiswahili, wakati yeye na mimi tulizungumza Kiingereza cha kuombea kazi. Huenda nimemfanya aseme vizuri kuliko alivyosema.

Kiswahili alijua maneno mawili. La kwanza ni "hodi". Alinisikia nikibisha kwa yule mama wa Congo ghorofa ya chini, akaniuliza maana yake, na tangu siku ile hakubonyeza kengele yangu tena. Anasimama nje anasema hodi taratibu, mara moja, kisha ananyamaza hata kama ni robo saa. La pili ni "dada". Kwao pia, aliniambia, mwanamke huwezi kumwita jina kavukavu, unamwita dada. Basi nikawa Dada, na kaka yangu mkubwa alipokuja kukaa nami baada ya kufiwa na mkewe, akawa Kaka.

Chai yake ilikuwa ya chumvi na siagi. Anachemsha majani, anatia vyote ndani ya blenda na maziwa kidogo, inanguruma mpaka ukuta wangu unatetemeka. Kaka alipoionja mara ya kwanza aliiweka chini polepole.

"Jirani, hii si chai. Hii ni supu imekosa nyama."

"Kunywa, Kaka. Ni ya baridi."

"Baridi nimeikuta. Sasa ndiyo nimepata na ugonjwa."

Tabu ni kwamba kwetu ukikaribishwa unamaliza, na kwao ukipunguza hata funda moja mwenyeji anajaza. Kaka akawa anajilazimisha kumaliza kwa adabu, jirani anamjazia kwa adabu, mpaka nikawaonea huruma wote wawili. Baadaye ndiyo jirani akatueleza: mgeni hanywi akamaliza mpaka anapoaga. Tena mtu akiwa anasafiri, kikombe chake kinajazwa, anaonja, kinaachwa pale mezani kikiwa kimejaa. Aliyeacha kikombe kimejaa atarudi. Nikamwuliza kama anaamini hayo. Akasema, "Siamini. Lakini sijawahi kumwaga kikombe cha mtu."

Huyo ndiye jirani. Haamini, lakini hathubutu kujaribu.

Watu wake wa hapa London, hasa vijana, hawakumpenda sana. Wao wanataka uhuru kamili, nchi na mipaka yake. Yeye anasema anatosheka na kujitawala ndani ya China: mambo ya jeshi na ya nje wabaki nayo wao, mambo ya shule, lugha na dini wawe nayo wenyeji. Walimpachika jina, Mzee wa Nusu. Nilikuwepo siku kijana mmoja alipomwambia usoni, kwenye sherehe ya mwaka wao mpya, ukumbi umejaa.

"Mzee, nusu ya mkate ukipewa na mwizi bado ni wizi."

"Ni wizi," jirani akajibu. "Wewe umezaliwa hapa hapa Kent. Mkate wote unaudai kwa niaba ya nani? Walio kule ndio wenye njaa."

Kijana akakasirika. Nimtendee haki niseme, alikuwa na hoja. Alisema wazee wamekuwa wakiomba nusu tangu yeye hajazaliwa na hawajapewa hata tonge, na kwamba wanaoomba kidogo hawapewi kidogo, wanasahauliwa. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho. Tulipokuwa tunarudi kwenye basi akaniambia, "Yule mtoto anaweza kuwa sahihi. Ndiyo maana sikulala vizuri wiki hii, nilijua atayasema."

Alipenda sana kunihoji habari za Zanzibar. Sijui kwa nini sikuwahi kuona kuwa ni habari ya kuhojiwa. Nilimwambia tuna Muungano, na Zanzibar ina rais wake, ina Baraza la Wawakilishi lake, ina bendera.

"Bendera wanaipandisha hadharani?"

"Ipo rasmi. Iko juu ya ofisi za serikali."

"Na mtu akiipandisha nyumbani hapelekwi jela?"

"Kwa nini apelekwe jela kwa bendera yake?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Ikabidi nimwambie pia ukweli wa upande wa pili: kwamba wapo Wazanzibari wasioridhika, wapo wanaotaka serikali tatu, na wapo wanaotaka kuvunja kabisa. Wamegombana kwa hilo tangu nikiwa mtoto, na kuna watu wameumizwa. Akaacha kucheka. Akasema, "Sawa. Kumbe hata nusu ina vita vyake." Baada ya hapo nikawaza labda ningenyamaza. Lakini ningekuwa nimempa picha ya uongo.

Wageni walioshikilia habari za Tibet aliwaogopa kuliko wengi walivyodhani. Alikuwa na baba mdogo aliyepigana milimani, upande wa Nepal, enzi Wamarekani walipowapa wapiganaji wale bunduki na redio. Kisha mambo ya Marekani na China yakaanza kutengemaa, na msaada ukakatwa. Wengine wakaweka silaha chini, wengine hawakuweza kuishi na aibu hiyo. "Hawakutuchukia," alisema. "Walikuwa na kazi yao na China, wakatupitia njiani." Serikali ya China husema mpaka leo kwamba kelele za Tibet zinapikwa na mataifa ya nje, na yeye hakulikataa hilo moja kwa moja. Alisema: zamani, kuna waliopika. Lakini njaa ilikuwa yetu.

Msichana mmoja Mchina ninayefanya naye shifti, mwanafunzi, mpole sana, aliwahi kuniambia kwamba Tibet ya zamani watu walikuwa watumwa wa mabwana na mahekalu, na ni China iliyowafungua. Nikampelekea jirani maneno hayo nikidhani atachukia.

"Bibi yangu alibeba mizigo ya mabwana hao," akasema. "Namshukuru aliyemtua mzigo. Sasa na yeye ashuke mgongoni."

Msichana yule nilimrudishia jibu. Alisema kwao haya hayazungumzwi hivyo, na angependa siku moja kumwona huyo mzee. Hawakuonana. Ila jirani alikuwa rafiki wa muuza duka Mchina wa pale karibu na soko, walisalimiana kama ndugu, walibishana bei ya kabichi, na yeyote aliyetukana Wachina ndani ya flati yake alionyeshwa mlango. "Serikali itukane," alikuwa akisema. "Watu wana mama zao."

Duka hilo ndilo lililompa kalenda ya samaki wa dhahabu, na hapa ndipo nataka kueleza Jumamosi zake.

Dada yake yuko kule. Kila Jumamosi, karibu na adhuhuri ya hapa, ambapo kwao ni jioni, walipigiana kwa ile programu ya Kichina ya video. Kabla ya saa hiyo jirani alitayarisha chumba. Aliishusha picha ya kiongozi wao wa dini ukutani, akaifunga kwa skafu nyeupe na kuiweka kabatini. Bendera ndogo iliyokuwa dirishani aliikunja ikaenda humo humo. Kisha kwenye msumari uleule alitundika kalenda ya samaki wa dhahabu. Alikaa chini yake, akapiga. Walizungumza baridi, meno, bei ya nyama, ng'ombe wa mtaani kwao aliyezaa. Siasa hata harufu haikuingia, maana huenda kuna anayesikiliza. Walipomaliza, kalenda ilishuka na picha ikapanda.

Nilimwuliza kama hajisikii vibaya kumshusha mtu anayemheshimu vile. Akasema, "Yeye ananielewa. Mimi ndiye sijielewi."

Kwa ajili ya Jumamosi hizo hakuandamana hata mara moja. Wenzake walipokwenda kupiga kelele mbele ya ubalozi alikesha akiwatengenezea chai, akawapa vijana waende nayo kwenye chupa kubwa, yeye akabaki. Walikunywa chai yake wakamwita mwoga.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiingereza, wa kampeni, nywele nyeupe, ana moyo. Huyo alimfuata kwa muda mrefu. Alitaka jirani aende kuzungumza mbele ya wabunge, kwa uso wake, kwa sababu alikuwa mtu anayeeleweka, hatukani, na anataka kujitawala tu, jambo ambalo wabunge wangeweza kulisikia. Nilikuwa naosha vikombe jikoni kwa jirani siku alipokuja mara ya mwisho.

"Sauti yako ndiyo wanayoihitaji," yule mama akasema.

"Nani?"

"Watu wako."

"Watu wangu ninao mmoja, anapiga Jumamosi."

"Lakini ukinyamaza, wao wanashinda."

"Na nikisema, wewe unarudi nyumbani kwako. Yeye anarudi wapi?"

Mama yule alilia. Si kilio cha maonyesho. Aliniambia mlangoni kwamba hajui kama anamsaidia au anamtumia, na nikamheshimu kwa hilo, maana mimi pia sikujua.

Sasa nimfikie kaka yangu, na hapa nataka kwenda polepole.

Kaka aliipenda China. Alikuwa kijana fundi wa karakana wakati wa kujenga reli ya Zambia, akapelekwa China kusomea injini, akarudi na Kichina chake na picha yake amevaa kofia. Yeye na jirani waligombana kwa ajili ya reli hiyo karibu kila wiki, na siku nilizoogopa kuwa watashikana mashati zilikuwa nyingi.

"Wazungu walikataa kutujengea," Kaka alisema. "Wachina wakaja na koleo zao. Wamekula nasi ugali. Wengine wamezikwa kwetu, makaburi yao yapo."

"Nakubali. Na kwetu wamejenga reli. Nzuri, inapanda mpaka juu kabisa."

"Sasa unalia nini?"

"Ninyi waliwaachia ufunguo wakaondoka."

Kaka akasema, "Ufunguo walituachia kweli. Treni tukaiua wenyewe." Wakacheka, wakabaki wanacheka kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa tahadhari.

Jumamosi moja Kaka alipeleka vitumbua kwa jirani, akakuta mazungumzo na dada yanaendelea chini ya samaki wa dhahabu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Yule dada akamwona mzee mweusi mwenye baraghashia akitokea kwenye simu na sahani mkononi, akaangua kicheko. Jirani akamwambia huyu ni Kaka, salimianeni. Kaka akamsalimia kwa Kichina.

Uso wa yule dada ulifunguka kama dirisha. Wakazungumza, Kaka akiyatafuta maneno yake ya zamani moja moja. Jirani alikuwa anatabasamu. Na Kaka, kama mtu yeyote wa kwetu aliyelelewa, hakuweza kuishia kwenye hujambo. Salamu kwetu haijakamilika mpaka umemwulizia kila mtu wa nyumba. Akauliza wajukuu. Akauliza afya ya miguu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, na yule mdogo wenu mtawa, anaendeleaje siku hizi?

Jirani alikuwa ametusimulia habari za mdogo wake huyo, mezani kwangu: alichukuliwa, akarudishwa, na jina lake halitajwi tena kwenye simu. Kaka alikumbuka kuwa yupo. Kutomwulizia kungekuwa kumtupa.

Sikuelewa Kichina, lakini niliona jirani alivyoweka mkono juu ya meza, wazi, kama anazuia kitu kisianguke. Dada yake hakubadilika uso. Alisema neno fupi, na Kaka akaitikia kwa furaha. Aliniambia baadaye lilikuwa "wote wazima". Kisha yule dada akasema chakula kinaungua, akakata.

Jumamosi iliyofuata hakupokea. Wala ile nyingine. Baadaye ulikuja ujumbe mmoja: usipige kwanza, nitapiga mimi.

Siwezi kusema ni salamu ile. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi. Yule dada yake huenda aliugua, huenda programu ilifungwa, huenda jirani yake kule alisema jambo, huenda ilikuwa zamu ya mtaa mzima kubanwa. Lakini pia siwezi kusema si ile. Jirani hakumlaumu Kaka hata siku moja. Kaka alipoelezwa maana yake alikaa kwenye kiti changu cha jikoni na baraghashia mkononi, akasema anakwenda ubalozini. Ana cheti chake cha mafunzo, watamsikiliza, yeye ni mtu wao, ataomba kwa adabu tu waulize kama yule dada hajambo.

"Kaka," jirani akasema, "ukimtaja pale, utakuwa umemtaja mara mbili."

Cheti kikarudi kwenye sanduku. Tangu siku hiyo sikumsikia Kaka akiisifu China, wala kuilaumu. Akiona reli kwenye televisheni anatoka nje.

Yule mama wa kampeni alirudi akijua kuwa simu imekatika. Alisema kwa huruma, sasa huna tena cha kupoteza. Jirani akamjibu kwamba zamani alikuwa anajua dada yake yuko wapi, na sasa hajui, kwa hiyo kilichoongezeka ni cha kupoteza. Hakwenda kwa wabunge.

Aliendelea kukaa nyumbani kila Jumamosi. Kalenda ikawa ya mwaka uliopita na bado ilipanda msumarini. Nilimpelekea chakula nikamkuta amekaa wima, simu mezani, amevaa shati lililopigwa pasi. Baada ya muda mrefu hivyo nilianza kuona ni kama matanga. Nilitaka kumwambia atoke, apate hewa, lakini sikusema. Mimi si mtu wa kumwambia mtu aache kungoja.

Alitoka mwenyewe. Watu wengi walikuwa wanaandamana kupinga ubalozi mpya mkubwa wa China kule karibu na Mnara wa London, Watibeti na watu wa Hong Kong na Waingereza wa mtaa ule wanaoogopa tu kelele za ujenzi. Ilikuwa Jumamosi. Alisema hodi asubuhi, amevaa koti na barakoa, chupa tatu za chai miguuni.

"Nazipeleka mwenyewe leo. Vijana wamo kwenye treni tayari."

Kaka akatoka chumbani anavaa viatu.

"Na wewe unaandamana?" nikamwuliza.

"Siandamani. Nabeba chai."

Tukaenda watatu. Tulisimama pembeni, kwenye ukuta mfupi, mbali kidogo na jukwaa. Watu walikuja na vikombe vya karatasi. Yule kijana wa Kent alikuja pia, akamwona, hakusema Mzee wa Nusu. Alisema asante, mzee, kisha akaenda kwenye spika kupiga kelele kwa sauti yake nzuri ya ujana. Jirani alijimiminia kikombe chake mwenyewe cha bati, alichotoka nacho nyumbani, akakiweka juu ya ukuta kipoe. Nilimwona anashusha barakoa apate kuonja. Akaonja mara moja tu.

Ndipo simu ikaita ndani ya koti lake.

Aliitoa. Namba haikuonekana. Ilikuwa adhuhuri, saa yao. Nyuma yetu maelfu ya koo zilikuwa zinaitikia jina la nchi yake, neno moja moja, kama ngoma. Hakuna ukuta wa chumba pale, hakuna msumari, hakuna samaki wa dhahabu. Akipokea, anayepiga atasikia yote, na kama kuna anayesikiliza pamoja naye, atasikia yote. Asipopokea, huenda haitaita tena. Nilimwona akitazama barabara, kama kuna kona ya kukimbilia. Palikuwa na watu kila upande.

Kaka alisema kwa sauti ndogo sana, "Jirani, pokea."

Jirani aliibana simu kifuani kwa mikono yote miwili, akainama juu yake kama mtu anayezuia mvua isimfikie mtoto. Iliita muda mrefu. Kisha ikanyamaza.

Alipoinuka macho yake yalikuwa makavu. "Aliyekufa hapigi," akasema.

Nilitaka kumwambia hatujui kama ni yeye. Wauza bima pia huficha namba. Yeye naye alilijua hilo, nilimwona analijua. Lakini alikuwa ameshafunga vifungo vya koti.

"Dada, chupa utanirudishia. Jumamosi mimi ni wa nyumbani."

Akapita katikati ya watu, haraka, barakoa ikiwa bado imening'inia kidevuni, uso wake wote nje. Sijui kama alisahau.

Tulipomaliza kukusanya, Kaka alichukua kile kikombe cha bati pale ukutani. Kilikuwa kimejaa, kimepungua funda moja, siagi imeshaganda juu. Akakiinamisha kuelekea kwenye mtaro, mkono ukasita. Akakirudisha wima. Tulipanda treni mpaka Woolwich amekishika mbele ya kifua, watu wakimpisha, na hakikumwagika.